Mama Fagio na printa isiyo na mlezi

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na tisa anavua viatu chini ya meza, anavaa ndara, anazungushia kitambaa cha kubana kwenye kifundo cha mkono wa kulia, kisha anawasha kompyuta. Hajamsalimia mtu. Anasoma mistari kumi na minne iliyo kwenye kioo, anairudia, halafu anaguna.

"Huyu alishakufa zamani," anasema. "Hamkumzika tu."

Anayezungumziwa si mtu. Ni kipande cha msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, na aliyekiandika sasa ana wajukuu. Hakuna sehemu yoyote ya programu inayokiita. Kimekaa pale miaka kumi na tisa, kikinakiliwa kila toleo jipya linapotoka, kikibebwa mgongoni bila kufanya lolote. Anabonyeza vitufe viwili na mistari yote kumi na minne inatoweka. Anavuta kikombe cha chai, anakuta imeshapoa, anakunywa hivyo hivyo.

Wenzake wanne wa ofisini humwita Mama Fagio. Mwenyewe hachukii. Anasema kuna majina mabaya zaidi yanayozunguka kwenye chumba kile, na mengine kayatunga yeye.

Ofisi yao iko ghorofa ya pili, juu ya duka la kukata vioo, kwa hiyo kutwa nzima kuna mlio mwembamba unaopanda kupitia sakafu na kuingia kwenye meno. Wanatunza mfumo wa kompyuta unaotumika katika hospitali, maktaba, shule na viwanda vidogo. Wenzake wanaongeza vitu kwenye mfumo huo. Yeye anatoa.

Zaidi ya yote anatoa kwenye viendeshi. Kila kifaa kinachochomekwa kwenye kompyuta, iwe printa, mizani au kamera, kina programu yake ndogo ya kukiendesha, na mafundi huiita kiendeshi. Bila hiyo, kompyuta na kifaa hukaa meza moja kama wakwe waliogombana. Kifaa kikiacha kutengenezwa, kiendeshi chake hakiondoki chenyewe. Kinabaki ndani ya mfumo, kinachukua nafasi, na kila kitu kingine kinapobadilika lazima mtu akirekebishe nacho, hata kama hakuna anayekitumia duniani.

Katika miaka kumi na mmoja, Mama Fagio amefuta mistari zaidi ya laki sita. Mwisho wa mwaka, kila mfanyakazi anapoonyesha alichotengeneza, wenzake huonyesha vioo vya rangi na vitufe vipya.

"Mimi nikisimama naonyesha pengo," anasema. "Nawaambia, mnaona hapa? Hapa palikuwa na kitu. Wanapiga makofi ya adabu."

Nyumbani hali si tofauti. Mama mkwe wake, ambaye anaishi nao, alimuuliza miaka mingi iliyopita kazi yake hasa ni ipi. Alipoelezwa, bibi yule alifikiri kidogo.

"Mwanangu, watu wanalipwa kwa kutengeneza. Wewe unalipwa kwa kutoa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wakikosa cha kutoa watakutoa wewe."

Anapoisimulia hii hucheka hadi anashika mbavu, kisha anaacha ghafla na kurudi kwenye kioo. Kicheko chake hakikai. Ukikaa naye siku tatu unaona kwamba uchovu umemwingia hadi kwenye namna anavyovuta kiti.

"Nimechoka," anasema. "Sisemi nimechoka leo. Nimechoka kwa jumla."

Kufuta, anaeleza, si kubonyeza kitufe. Kwanza unatafuta kama kuna anayekiita kile kipande. Halafu unasoma historia yake: nani alikiandika, mwaka gani, kwa sababu gani. Kisha unafungua kabati la chuma lililo nyuma ya mlango, ambalo wao huliita wodi, ambamo vifaa vya zamani vimelazwa kwa safu, kila kimoja kikiwa na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi kinachoonyesha siku ya mwisho kilipowashwa na kuitika. Unajaribu kwenye kifaa chenyewe. Mwisho unatuma tangazo kwenye orodha ya barua pepe ya mafundi: je, kuna mtu bado anakitumia hiki? Unangoja siku tisini. Ukijibiwa na kimya, unafuta.

Kuna sharti moja zaidi. Kila kiendeshi lazima kiwe na mlezi, mtu aliyeandika jina lake kwenye faili kwamba kikiharibika ataulizwa yeye, na kwamba ana njia ya kukijaribu kwenye kifaa halisi. Kisichokuwa na mlezi kinaingia kwenye foleni ya kufutwa.

Mwaka huu foleni ilikuwa na viendeshi thelathini na saba. Thelathini na sita vimeshaondoka bila mtu kulalamika. Kimebaki kimoja, na siku zake tisini zinaisha Ijumaa ya wiki hii. Hicho ndicho kinachomfanya Mama Fagio agune kila asubuhi, kwa sababu anakifahamu vizuri kuliko anavyopenda.

Ni kiendeshi cha printa ya nukta nundu, yale maandishi ya vitone ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Printa yenyewe iliacha kutengenezwa kitambo. Ni dude zito kama jokofu dogo, na kwenye wodi haliwezi kuingia hata ukitoa rafu zote.

Miaka mitatu iliyopita alikuwa akikifagia kiendeshi hicho akakuta mstari wa ajabu katikati yake. Mstari ule ulisoma namba kutoka ndani ya printa, kisha ukaitupa. Namba yenyewe haikutumika popote. Programu inayokagua msimbo ilikuwa inatoa onyo lilelile kila siku kuhusu mstari huo: namba imesomwa, haikutumika.

"Niliuona kama mtu anayekuuliza habari za nyumbani halafu anaondoka kabla hujajibu," anasema. "Nikasema huu ni upuuzi, nikafuta. Siku hiyo nilifuta mistari mia tatu. Huo ulikuwa mmoja tu kati yake."

Hakuwa na printa ya kujaribia. Mabadiliko yakapita, toleo jipya likatoka.

Asichokijua wakati huo ni kwamba kule kuuliza ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Printa ikiulizwa namba ile, ilimaliza kwanza kuvuta karatasi, ndipo ikajibu. Jibu halikuwa na faida kwa mtu yeyote, lakini kulingoja kuliipa karatasi muda wa kusogea. Mstari ulipoondoka hakuna aliyengoja tena. Sindano za chuma ziligonga mstari wa pili juu ya mstari wa kwanza, na wa tatu juu ya hiyo miwili.

Katika shule moja ya sekondari yenye wanafunzi arobaini na mmoja wasioona, kompyuta ilikuwa imejisasisha yenyewe wakati wa likizo. Wiki ya mtihani wa majaribio, mpiga chapa wa shule, ambaye sasa ana miaka hamsini na minane na naye haoni tangu utotoni, alichapa karatasi ya historia. Akapitisha vidole juu yake. Akachapa nyingine, akapitisha vidole tena.

Kwa siku tisa alipiga simu ya msaada. Alihamishwa kutoka mtu hadi mtu, akaambiwa azime na kuwasha, akaambiwa anunue wino. Printa ya nukta nundu haina wino. Siku ya kumi simu ilifika kwa Mama Fagio.

"Nikamwambia shikamoo, mzee wangu," anakumbuka. "Akasema marahaba, mmenichapia uji."

Aliujua mstari wake kabla hajakata simu. Kuurudisha kulichukua dakika sita. Mtihani ulikuwa umeshacheleweshwa siku kumi na moja, na wanafunzi wale walibaki bwenini wakati wenzao wa shule nyingine wameshakwenda kwao.

"Nililia chooni. Sisi watu wazima hulia chooni," anasema. "Ningekuwa nimefuta kwa makusudi ningejitetea. Lakini nilifuta kwa sababu paliniudhi macho. Watoto arobaini na mmoja wamekaa bwenini wananiongoja mimi, na mimi hata sijui kwamba wapo."

Juu ya mstari uliorudishwa aliandika maneno kwa ajili ya yeyote atakayekuja baada yake. Bado yapo: "Usifute. Unaonekana hauna kazi. Karatasi inaungoja."

Sasa si suala la mstari mmoja tena. Ni kiendeshi kizima, mistari elfu mbili mia tatu na kumi. Tangazo lilitumwa kwa mafundi, na siku themanini na tano zimepita pasipo jibu.

"Bila shaka kimya," anasema, na hapa anatoa miwani na kuiweka mezani kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Mpiga chapa wa shule anaijua wapi orodha ya mafundi? Tunauliza swali kwenye chumba ambacho anayehusika hajawahi kuingia, halafu tunasema kakubali."

Alikwenda kwa mkuu wa kitengo, kijana wa miaka thelathini na mitatu ambaye humwita mama na humfungulia mlango. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama, mtumiaji mmoja si hoja. Hata wakiwa mia si hoja," alimjibu. "Hoja ni mlezi. Siku kitakapoharibika nitamshika nani? Na utaratibu huu wewe unaujua."

Anaujua, maana aliuandika yeye. Miaka saba iliyopita alikuwa mlezi wa viendeshi kumi na kimoja kwa mpigo. Alikuwa akijibu barua za watu wa mbali huku anakula, huku anachana nywele za binti yake, huku yuko msibani. Siku moja alianguka kwenye ngazi za ofisi, shinikizo la damu likiwa limepanda, akalazwa wiki mbili. Alipotoka alifuta jina lake kwenye faili zote kumi na moja kwa asubuhi moja, kisha akapendekeza utaratibu wa siku tisini ili mtu mwingine asije akabebeshwa mizigo isiyo na mwenyewe. Ukapitishwa neno kwa neno.

Na nyumbani aliweka ahadi. Mume wake ni fundi makochi, hufanya kazi zake uani. Jumapili mchana, kochi lisilo na nguo likiwa limelala chali katikati yao, Mama Fagio alimgusia habari ya printa. Mume alitoa misumari mdomoni mmoja mmoja kabla ya kujibu.

"Ulituahidi," alisema.

"Najua."

"Hapana, nakukumbusha tu. Mimi ndiye niliyekuwa naleta uji hospitali. Wewe ulikuwa umelala, hukujiona ulivyokuwa. Mimi nilikuona."

Mama Fagio aliinama juu ya kochi. Alishika upande wa pili wa kitambaa akakivuta, mume akapigilia, na mchana ukaisha hivyo. Baadaye alimwambia mwandishi wa makala haya kwamba jambo lililomuuma ni kuwa mume wake alisema kweli tupu, bila hata kutia chumvi.

Njia nyingine zilikuwepo, na alizipitia zote. Shule ingeweza kubaki na mfumo wa zamani, lakini maswali ya mitihani siku hizi huletwa kwa mtandao na kompyuta iliyopitwa na wakati hukataliwa mlangoni. Shule ingeweza kununua printa mpya. Mwalimu mkuu alipotajiwa bei alicheka, akaomba radhi kwa kucheka, akasema hiyo ni bajeti ya chakula cha bweni kwa mwaka.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Mama Fagio anampigia mpiga chapa. Ametuma shuleni toleo jipya la majaribio, lile ambamo kiendeshi bado kimo. Anataka kujua kama kinafanya kazi kabla ya kuamua chochote. Simu imewekwa mezani, sauti juu, na kutoka upande wa pili inasikika printa ikigonga kama mtu anayetwanga kwa hasira. Kisha inatulia.

"Haya," inasema sauti ya mpiga chapa. "Mstari wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu sawa."

Mama Fagio ana karatasi mbele yake yenye vitone vilivyochorwa, anatia alama kwa kalamu. Ofisi nzima imenyamaza. Hata yule wa karibu na dirisha, ambaye hula njugu kutwa, ameacha kutafuna.

"Wa saba... subiri. Neno la pili, herufi ya mwisho, kitone cha chini hakipo."

Anakaa wima. "Hakipo kabisa, mzee, au kimesogea?"

"Hakipo." Vidole vinasikika vikitambaa juu ya karatasi. "Ngoja, usianze kujilaumu. Wa nane pia hakipo, mahali palepale. Wa tisa pia. Hiyo si yako, ni yangu. Hiyo sindano ni mvivu tangu mwaka juzi, huwa naisafisha kwa mswaki."

Mtu anacheka. Mama Fagio anashusha pumzi na kuandika neno "mswaki" pembeni ya karatasi. Wanaendelea hadi mstari wa ishirini na tano. Mingine yote ni sawa.

"Sasa mlezi ni nani?" anauliza mpiga chapa. Alikwisha kuelezwa habari yote, kwa hiyo anajua anachouliza.

Mama Fagio anaweka kalamu mezani.

"Mzee wangu, mimi nimechoka."

"Hata mimi nimechoka, mama. Nimekaa na hii mashine miaka ishirini na miwili, masikio yananivuma hadi kitandani. Nikistaafu nitaikumbuka kama mtu anavyokumbuka jino bovu." Anakohoa. "Lakini kesho kuna jiografia, na wapo kumi na wanne kidato cha pili wanaoingoja."

Mama Fagio anavua miwani, anaifuta.

"Kujaribu nitajaribu mimi," anaendelea mpiga chapa. "Nyie kila mkibadilisha, nipigie. Nitachapa, nitakusomea hivihivi. Mashine ninayo, vidole ninavyo. Mimi siwezi kuandika hayo maandishi yenu, ila uji naujua nikiugusa."

Simu inakatwa. Mama Fagio anaiangalia, anakunja ile karatasi ya vitone mara mbili, anaiingiza kwenye droo. Siku ile hafuti mstari hata mmoja. Anaondoka saa kumi kamili, jambo ambalo wenzake wanalizungumzia hadi wanafunga ofisi.

Ijumaa asubuhi anafika saa mbili kasoro. Anafungua faili la walezi. Kwenye kiendeshi cha printa, mahali pa jina pana mstari mtupu. Anaandika jina lake lote, la kwake na la baba yake. Chini yake, mahali pa kueleza kifaa cha kujaribia, anaandika: "Kipo shuleni. Husomwa kwa vidole, kwa simu." Mkuu wa kitengo anasoma maneno hayo kutoka mezani kwake. Utaratibu hausemi kifaa kiwe wapi wala kisomwe na nani. Anapitisha, kisha anakuja kusimama karibu na kiti cha Mama Fagio kana kwamba anataka kusema jambo, lakini anamuuliza tu kama aletewe chai ya moto.

Kisha Mama Fagio anampigia mume wake.

"Nimechukua kimoja," anamwambia.

Upande wa pili nyundo inasimama. "Kimoja?"

"Kimoja. Kile cha shule."

"Nikisikia habari ya cha pili nakuja huko kukata nyaya."

"Njoo na mkasi mzuri, nyaya zenyewe nene."

Nyundo inaendelea bila kwaheri. Mama Fagio anafuta macho kwa upande wa mkono wenye kitambaa, halafu anamgeukia mwandishi kwa ukali ambao hakuuonyesha wiki nzima.

"Usije ukaandika kwamba nimefurahi. Sijafurahi. Nimejitia mzigo niliokwisha kuutua, na mume wangu ana haki ya kununa mwezi mzima. Andika kwamba sikuona mtu mwingine."

Na tumaini lake je? Anaulizwa swali hilo akiwa ameshageukia kioo, akiwa ameanza kipande kingine kilichokufa. Vidole vinasimama juu ya vitufe.

"Natamani ile shule ipate printa mpya. Mpya kabisa, ambayo siijui, yenye mlezi kijana. Halafu hili dude lizimwe kwa amani," anasema. "Siku hiyo sitatuma tangazo kwa fundi yeyote. Nitapiga simu shuleni nimuulize yule mzee, au atakayekuwa amekaa kwenye kiti chake: kuna mtu bado anaihitaji? Nitawapa muda wapite bweni kwa bweni, darasa kwa darasa, waulize. Wakirudi wakaniambia hakuna, nitaifuta mimi, kwa mkono wangu, mistari yote elfu mbili mia tatu na kumi, pamoja na ule mmoja."

Anafikiri.

"Halafu nitalala."